Miaka sita kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi: sumu haikuwa kwa bosi mkali, ilikuwa kwenye taimshiti

Tiki_Nyekundu:

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo naupandisha hivyo hivyo ulivyo, mwenye macho ya kusoma marefu asome, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya ukaguzi wa mahesabu, moja ya yale makampuni makubwa yenye ofisi karibu kila nchi. Jina sitaji na msije inbox kuniuliza. Niliingia nikiwa kinda nimetoka chuo na suti moja, nikatoka nikiwa nimebakiza hatua moja niwe meneja. Sikufukuzwa, sikugombana na mtu, siku ya mwisho walinifanyia hadi kasherehe na kadi iliyosainiwa na watu ambao nusu yao hawajui jina langu la pili.

Mtu akisikia "mazingira ya sumu kazini" anawaza bosi anayefoka, anayerusha mafaili, anayemwita mtu mjinga mbele ya wenzake. Na mimi nilikuwa nawaza hivyo, ndo maana ilinichukua miaka kujua kwamba nilikuwa nakunywa sumu, kwa sababu mabosi wangu walikuwa wapole! Wanakusalimia kwa jina, wanauliza mzazi anaendeleaje, ukifiwa wanachanga. Kwa miaka sita sikumbuki kufokewa hata mara moja.

Sasa wasiojua hii biashara niwaeleze kidogo, bila hapo hamtanielewa. Haya makampuni hayauzi bidhaa, yanauza masaa ya watu. Kila nusu saa ya siku yako inatakiwa iandikwe kwenye taimshiti ilienda kwa mteja gani na kazi gani. Ila kwenye ukaguzi ada mara nyingi imeshapatanwa na mteja kabla hata kazi haijaanza, kwa hiyo kila saa inayozidi bajeti hailipwi na mteja, inakatwa kwenye faida, na meneja anapimwa kwa hiyo. Akimaliza kazi ndani ya masaa aliyopangiwa ni meneja mzuri, akizidisha anaitwa kueleza.

Na hapo ndo panapozaliwa kitu tulichokuwa tunaita KULA MASAA. Umefanya masaa 70 wiki hii, unaandika 45. Zile 25 umezila. Hakuna anayekuamrisha, na kwa maandishi ni kinyume kabisa, kila mwaka inakuja imeili ya kusisitiza tuandike masaa yote tuliyofanya, kuna hadi kozi ya mtandaoni yenye maswali kumi mwishoni unatakiwa upate nane. Ukitaka kuona kampuni yenye sera nzuri kuliko zote duniani soma sera zao aisee, utalia kwa uzuri.

Ngoja niwape picha moja. Ni Ijumaa saa tano usiku, msimu wa kufunga hesabu, tupo wanne kwenye chumba cha mikutano cha mteja. Kiyoyozi cha lile jengo kinajizima chenyewe jioni, taa nazo ni zile zinazozima zikiona hakuna mtu anayejongea, kwa hiyo kila baada ya dakika kama kumi giza puu, na mmoja wetu ananyoosha mkono juu anaupunga kama anaaga meli, taa zinawaka, tunaendelea. Mpaka tulijiwekea zamu ya kupunga. Nikawa najaza taimshiti ya wiki, jumla 71, kumi na tisa kati ya hizo ni za stoku, yaani kukagua mali iliyopo ghalani. Meneja akapita nyuma yangu, akasimama, akaangalia skrini, akavuta kiti taratibu akakaa. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "hivi kweli stoku ilikuchukua masaa kumi na tisa?" Nikamwambia ndio, maghala yalikuwa matatu na orodha zao hazilingani. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mi nawaza tu patna (mmoja wa wenye kampuni) akiiona atakuonaje. Hayo mengine yachukulie ni masaa ya kujifunza."

Masaa ya kujifunza. Nikafuta 19 nikaandika 8. Nikafuta na kwingine, jumla ikaja 46. Akanigusa bega akasema we kijana utafika mbali, na mimi (hapa ndo naona aibu) NILIFURAHI. Nilienda kulala nimechoka kama nimepigwa lakini najiona nimekubalika.

Mwaka uliofuata nikapandishwa kuwa sinia, yaani msimamizi wa vijana, wa ile ile kazi. Ikaja bajeti mpya kwenye Excel. Unajua bajeti inatengenezwaje? Wanachukua masaa "halisi" ya mwaka jana wanakata kidogo kwa kuwa eti sasa tunamjua mteja. Nikashuka nayo mstari kwa mstari mpaka kwenye stoku, nikakuta masaa 7.5. Ule ni uongo wangu mwenyewe umerudi kwangu ukiwa umevaa tai.

Sikusema kitu. Nilikuwa na vijana watatu chini yangu, nikampa mmoja stoku.

Naendelea baadae, kuna mtu ananiita.

Chumvi_Kidogo:

Mkuu umeandika vizuri ila mi naona mnadeka. Mlilipwa, mlikaa ofisi za vioo, CV zenu zinafunguliwa kila mlango, leo unakuja kutuambia ulipunga mkono taa ziwake? Kuna watu wanabeba zege hawaandiki uzi. Hakuna aliyekushikia bunduki, si ungeandika hayo 71 uone kitatokea nini.

Zamu_ya_Usiku:

Chumvi nipo hospitali miaka mingi na mimi nilikuwa naongea kama wewe. Mwaka 2021 WHO (Shirika la Afya Duniani) na ILO (Shirika la Kazi Duniani) walitoa matokeo ya utafiti wao, kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi kupanda kama asilimia 35 ukilinganisha na mtu wa masaa 35 mpaka 40, na kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17. Wakakadiria vifo 745,000 kwa mwaka 2016 peke yake. Moyo hauangalii kama umebeba zege au laptopu. Sasa angalia hesabu ya jamaa hapo juu, amefanya 71 kaandika 46. Siku akianguka, kwenye rekodi za kampuni yake ni kijana aliyekuwa anafanya kazi masaa ya kawaida kabisa na kwenda nyumbani. Hicho ndo kimenishtua mimi kwenye huu uzi.

Tiki_Nyekundu:

@Zamu_ya_Usiku hapo umenigusa, sikuwahi kuliwaza kwa upande huo. Kweli, kwa rekodi mimi nilikuwa napumzika sana tu.

@Chumvi_Kidogo swali lako ni zuri na nitalijibu bila hasira. Kuna jamaa mmoja tulianza nae aliandika. Kichwa ngumu, mtu wa haki, akaandika 68, 70, 66, kila wiki ukweli mtupu. Hakuna aliyemfokea. Ila kwenye apreizo, ile tathmini ya kazi ya katikati ya mwaka, akaandikiwa "anahitaji kuboresha ufanisi". Halafu kazi nzuri zikaanza kumpita. Kule hupangiwi kazi hewani, mameneja wanawaomba watu wanaowataka, na nani atamuomba mtu anayemlipua bajeti? Akawa anakaa benchi, na ukikaa benchi masaa yako ya kumtoza mteja yanashuka, na yakishuka mwisho wa mwaka ukurasa wako unasoma mtu mvivu. Yaani mtu aliyefanya kazi nyingi kuliko wote akaonekana kwenye makaratasi ndo hafanyi kazi. Aliondoka kabla ya mwaka kuisha. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia, na somo tukalielewa bila kufundishwa.

Kanzu_Nyeusi:

Niko upande wa mawakili, kampuni kubwa pia. Kwetu tunahesabu kwa dakika sita sita, saa moja vipande kumi, ukiongea na mteja kwenye simu dakika nne ushakula kipande. Ila kwetu ugonjwa una sura mbili. Kama mteja analipa kwa saa, shinikizo ni kujaza, mtu anaandika mpaka masaa aliyokuwa anafikiria kesi akiwa bafuni. Kama ada ni ya jumla, shinikizo ni kula kama kwenu. Mtu mmoja, wiki moja, faili hili anaongeza na faili lile anapunguza, na jioni anaenda kumwambia hakimu habari za ukweli hahaha.

Halafu kuna ule utaratibu wa panda au ondoka, mkuu hujaugusa. Hizi kampuni zina umbo la piramidi, chini watu wengi, juu mapatna wachache wanaogawana faida. Haiwezekani wote wapande, kwa hiyo mfumo UNATEGEMEA watu wachoke waondoke. Mtu akiondoka mwaka wa tatu usidhani wanasikitika, hiyo nafasi ilishahesabiwa.

Kisheria, kuna Mkataba namba 190 wa ILO wa mwaka 2019, ulianza kutumika Juni 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini na umetaja mpaka madhara ya kisaikolojia. Ila mniambie nani ataenda kushtaki mtu aliyemgusa bega akamwambia utafika mbali?

Faili_Binafsi:

Mimi nilikuwa HR kwenye kampuni ya aina hiyo, nitaandika kidogo kisha nipotee.

Tulikuwa tunajua. Mlango unaingilia kwa kadi na unaonyesha mtu katoka saa ngapi, laptopu inaonyesha imezimwa saa ngapi, taimshiti inasema kaondoka saa kumi na moja jioni. Hizo taarifa zote zipo ndani ya jengo moja na hakuna siku mtu aliniambia ziweke pamoja. Mara moja niliuliza kwenye kikao, nikajibiwa kwamba ni suala nyeti la faragha ya wafanyakazi. Faragha! Kamera kila kona lakini hapo tukakumbuka faragha.

Na mahojiano ya mtu anapoondoka, zile fomu mnazojaza, watu hawaandiki ukweli kwa sababu wanataka barua ya mapendekezo. Wote wanaandika "nimepata fursa nyingine". Nina hakika hata Tiki_Nyekundu aliandika hivyo.

Tiki_Nyekundu:

Niliandika hivyo hivyo neno kwa neno. Umenimaliza.

Ngoja sasa niguse kitu ambacho nje watu hawakioni. Masaa yakiliwa, kuna mahali kazi nayo inaliwa. Ukipewa masaa 7.5 kwa kazi ya 19 una njia mbili, ule masaa au ule kazi. Kula kazi ni kuweka tiki kwenye kitu ambacho hujakikagua. Sampuli ni ankara arobaini, umeangalia kumi na tano zote ziko sawa, saa ni nane usiku, zilizobaki unazitiki tu. Nasema kwa sababu nimeshaona ikifanyika, na sitasema zaidi ya hapo. Karatasi ya kazi inapendeza, ina rangi, ina saini tatu za waliopitia. Mwekezaji huko nje anasoma ripoti anaamini kuna mtu alihesabu.

Senti_Tano:

Ndo yaliyowakuta Arthur Andersen hayo, wale wakaguzi wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyopika hesabu. Kampuni yenye watu kama 85,000 duniani ikafa kwa sababu ya Enron.

Kanzu_Nyeusi:

Taratibu Senti_Tano, tusichanganye. Andersen walitiwa hatiani Juni 2002 kwa kuzuia uchunguzi, habari ya kuharibu nyaraka za Enron, sio kula masaa. Na 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua ile hukumu, majaji wote kwa kauli moja, kwa sababu ya maelekezo waliyopewa wazee wa baraza. Ila kampuni ilishakufa, wateja walishaondoka. Mfano wa karibu zaidi na anachosema jamaa ni ule wa EY Marekani, kampuni nyingine kubwa ya ukaguzi, 2022, faini ya dola milioni 100, wakaguzi walikuwa wanaibia kwenye mitihani ya MAADILI ya kupata leseni na kozi za kujiendeleza, na kampuni ikawaficha wachunguzi habari hiyo. Yaani mtihani unaouliza je ni sawa kudanganya, nao watu wakapeana majibu.

Tiki_Nyekundu:

Mkuu mimi hiyo habari ilipotoka sikushangaa hata kidogo. Mtu umemlea kila Ijumaa anaandika namba ya uongo kwenye fomu rasmi na anasifiwa, halafu unategemea Jumatatu akikaa kwenye kozi ya maadili awe mtu mwingine?

Na ndo maana huwa nakataa hii hadithi ya "bosi mbaya". Mnakumbuka Februari 2021, mwenyekiti wa KPMG Uingereza (nao ni wakaguzi wakubwa), Bill Michael, kwenye kikao cha mtandaoni aliwaambia wafanyakazi waache kulalamika? Ilivuja, ikawa moto, ndani ya siku chache kajiuzulu. Watu wakapiga makofi. Sawa, alikosea. Ila mwenye mdomo ni rahisi kumuondoa. Meneja wangu wa stoku hajawahi kusema neno moja ambalo ungeweza kulirekodi ukampeleka nalo popote. Na akiondoka yeye akaja mwingine, bajeti anayoikuta ni ile ile yenye uongo wangu ndani yake. Atakuwa mtu mzuri kabisa na atawaomba vijana wale masaa, maana hana pengine pa kuyatoa.

Chumvi_Kidogo:

Haya nimerudi. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nabaki nayo, kwa sababu bado hujasema we mwenyewe ulipokuwa sinia ulifanya nini. Umetuambia umempa mmoja stoku ukakimbia "ananiita mtu".

Mgeni_Njiani:

Samahani wakubwa naingilia kidogo, mimi nina ofa ya moja ya hizo kampuni naanza mwezi ujao. Nisiende??

Tiki_Nyekundu:

@Mgeni_Njiani nenda mdogo wangu. Sijawahi kujifunza haraka kama miaka ile miwili ya mwanzo, na hiyo CV ni kweli inafungua milango, Chumvi hajadanganya. Ila siku ya kwanza nunua kadaftari kadogo kako mwenyewe, cha karatasi sio cha kwenye laptopu yao, kila siku andika umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi umefanya nini. Kwenye taimshiti yao utaandika utakachoandika, sitakudanganya kwamba utakuwa shujaa. Ila uwe na sehemu moja ambayo ukweli umeandikwa, maana baada ya miaka miwili utaanza na wewe kuamini kwamba huwa unafanya masaa 45 na kwamba uchovu ulionao ni udhaifu wako tu. Mimi nilifika huko. Nilienda kupima damu nikijua nina tatizo.

@Chumvi_Kidogo haya, umenibana, nasema.

Yule niliyempa stoku alikuwa binti, mwaka wake wa kwanza, makini kupita kiasi. Maghala yale yale matatu, orodha zile zile. Ijumaa nikapita nyuma yake (kile kile chumba, taa zile zile) nikaona ameandika 18. Nikavuta kiti. Naapa sikupanga. Nikajisikia mdomo wangu unasema kwa sauti ya chini, yachukulie mengine ni masaa ya kujifunza. Nimetumia hadi ile ile sauti ya huruma. Akasema "sawa kaka", akafuta akaandika 7, hata 7.5 hakufika, ili anifurahishe. Na mimi nikamwambia atafika mbali.

Zamu_ya_Usiku:

Duh.

Chumvi_Kidogo:

Ahsante kwa kusema. Yuko wapi sasa huyo binti?

Tiki_Nyekundu:

Yupo bado, alibaki na sasa ni meneja. Na kwa kweli yeye ndo sababu ya huu uzi. Wiki mbili zilizopita alinitumia meseji WhatsApp, hatukuwa tumewasiliana muda mrefu. Salamu, watoto, kazi mpya vipi. Halafu akaniuliza: "Kaka samahani, ile stoku ya yule mteja wa maghala matatu, mwaka ule wewe uliifanyaje ukaimaliza kwa masaa nane? Nina kijana hapa naona ni mzito, amefika masaa kumi na saba na bado. Kuna njia ya mkato uliyokuwa unatumia nimuelekeze?"

Nilikaa na simu mkononi kama nusu saa. Nikamjibu, ilinichukua kumi na tisa.

Tiki zikageuka bluu pale pale. Nikaona anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Mpaka leo hajajibu.

Faili_Binafsi:

Mpigie.

Tiki_Nyekundu:

Nampigia leo usiku. Ijumaa hii, atakuwa bado yuko ofisini.